Hisa za kampuni za intaneti: rezo nzuri na hisa nzuri ni vitu viwili

Sanduku la AVEC likifunguliwa mwisho wa mzunguko, kila mwanamemba wa Kasongo ao Kabambare anajua njia za kawaida za feza yake: mabati ya nyumba, masomo ya watoto, mbuzi, mupunga wa kuweka mpaka bei ipande. Siku hizi kuko njia nyingine inayozungumzwa, zaidi na vijana wanaosoma habari kwenye simu: kununua hisa za kampuni ya intaneti. Hoja yao ni nyepesi. Kila mtu ananunua megabaiti: mwalimu, mama wa soko, mchimbaji wa Salamabila, hata mwanafunzi asiye na sabuni. Mteja hakosi, kwa hiyo kampuni nayo haiwezi kukosa faida, na afazali kuwa mwenye kampuni kuliko kuwa mteja tu.

Hoja hiyo ni kweli nusu. Nusu inayokosa njo inayomaliza feza ya watu.

Hisa ni kipande cha kampuni. Waliosoma Kifaransa wanaiita aksio. Ukiwa nayo, unapata sehemu ndogo ya faida wakati kampuni inaamua kugawa, na unaweza kukiuza kipande hicho kwa mtu mwingine kwa bei ya siku ile. Bei hiyo inapanda na kushuka kama bei ya mafuta ya mawese. Benjamin Graham, mwalimu wa New York aliyepoteza mali nyingi katika anguko la soko la mwaka 1929, alitoa kitabu mwaka 1934 pamoja na mwenzake David Dodd. Walifundisha kwamba bei ni kitu kimoja na thamani ni kitu kingine. Mnunuzi mwenye akili anafanya kwanza hesabu ya thamani, kiisha anangoja mpaka bei ishuke chini ya thamani hiyo, na ishuke sana, ili hata kama amekosea kidogo katika hesabu asianguke.

Wakaaji wa Kasongo wanaijua hesabu hii bila kusoma kitabu. Gunia la mupunga linaonekana kubwa, lakini mwenye kununua anatia mkono ndani, anasugua punje, anaangalia unyevu, anajiuliza: nikikoboa, mchele utakuwa kilo ngapi? Wateja wa kampuni ya simu ni gunia. Faida inayobaki kisha kulipa mazutu, kodi, mishahara na deni njo mchele. Tangazo la kampuni linaonyesha gunia siku zote.

Kuko jambo lingine la kujua mbele ya yote. Congo haina soko la hisa. Mtu hawezi kuingia benki kule Kindu ao Kinshasa na kununua kipande cha Vodacom Congo, cha Airtel ya hapa ao cha Orange ya hapa. Vipande vinavyouzwa ni vya kampuni kubwa zilizo juu yao, na viko mbali. Vodacom Group iko katika soko la Johannesburg tangu mwaka 2009, na katika Vodacom Congo ina asilimia 51 tu. Airtel Africa iliingia soko la London mwezi wa 6 mwaka 2019, kwa bei ya pensi 80 za Uingereza kwa hisa. Orange iko Paris. Hata minara mingi inayobeba antene katika Congo si ya kampuni za simu. Ni ya Helios Towers, nayo iliingia soko la London mwaka uleule wa 2019, mwezi wa 10.

Hii inabadilisha swali lote. Anayenunua hisa ya Airtel Africa akifikiri ananunua rezo anayoiona Kasongo, kwa kweli ananunua inchi 14 kwa pamoja, na Nigeria ni kubwa kuliko zote. Katikati ya mwaka 2023 Nigeria iliachilia bei ya feza yake, naira, nayo ikaanguka. Mwaka wa hesabu ulioisha mwezi wa 3 2024, Airtel Africa ilitangaza hasara ya dola milioni 89, na sababu kubwa ilikuwa kuanguka huko kwa naira. Wateja hawakukimbia, na Congo watu waliendelea kununua unite kama kawaida. Hasara ilitoka mahali ambapo mwenye hisa wa Maniema hata hakuangalia.

Mfano wenye mafunzo mengi uko karibu, Kenya. Mwaka 2008 serikali ya Nairobi iliuza robo ya Safaricom kwa raia na kwa wageni: hisa miliari 10, kwa shilingi 5 za Kenya kila moja. Mtu wa kawaida alipaswa kununua hisa zisizopungua 2,000, maana yake shilingi 10,000. M-Pesa ilikuwa na mwaka mmoja tu. Inchi ilishikwa na homa. Watu zaidi ya 800,000 waliomba, wengine waliuza mali yao, wengine walikopa benki. Maombi yalipita sana hisa zilizokuwako, ndiyo sababu wengi walipewa sehemu ndogo tu ya walichoomba, na feza iliyobaki wakarudishiwa baadaye. Mwenye mkopo alikuwa anailipia riba feza ambayo haikununua kitu.

Hisa zilianza kuuzwa sokoni tarehe 9 mwezi wa 6 2008. Siku za kwanza bei ilipita shilingi 7, na watu wakacheka kwa furaha. Kabla ya mwaka kutimia ilikuwa imeshuka chini ya shilingi 3.

Hapo hesabu ya Graham inasaidia. Kampuni ina hisa kama miliari 40. Mwaka ulioisha mwezi wa 3 2008, faida ilikuwa karibu miliari 13.8 za shilingi. Ukigawanya, kila hisa ilipata kama senti 35. Aliyenunua kwa shilingi 5 alilipa faida ya miaka 14 hivi. Si wizi, lakini si rahisi pia. Aliyenunua kwa shilingi 7 siku za furaha alilipa faida ya miaka 20. Kampuni ilikuwa nzuri, rezo yake nzuri, na M-Pesa ilikuwa inakuja kubadilisha inchi nzima. Pamoja na hayo, mwisho wa mwaka 2011 hisa bado ilikuwa kama shilingi 3. Ilipita 10 mwaka 2013. Anayejua feza yake haitahitajika miaka mitano aliweza kungoja. Aliyekopa, ao aliyekuwa na mtoto wa kulipia shule, aliuza katikati ya shimo. Watu hao wawili walinunua hisa ileile, siku ileile, kwa bei ileile.

Kiisha gurudumu likazunguka tena. Mwezi wa 8 2021 bei ilifika karibu shilingi 45. Faida ya mwaka ulioisha mwezi wa 3 mwaka huo ilikuwa miliari 68.7, yaani kama shilingi 1.70 kwa hisa. Bei ya 45 ilikuwa inaomba faida ya miaka 26. Wakati huo watu walisema Safaricom haiwezi kushuka. Mwisho wa 2023 ilikuwa chini ya shilingi 14.

Ni nini ilitokea? Rezo haikuvunjika. Kampuni ilikuwa imeingia Ethiopia, ambako leseni peke yake ilitozwa dola milioni 850, na kujenga rezo mpya katika inchi kubwa namna ile kunakula feza miaka mingi. Tena riba zilipanda duniani, na wageni wenye mali wakatoa feza yao Nairobi. Lakini mwaka wa hesabu ulioisha mwezi wa 3 2023, faida iliyowahusu wenye hisa wa Safaricom wenyewe ilikuwa bado karibu miliari 62, na kila hisa ililipwa mgawo wa shilingi 1.20. Mwenye kununua kwa shilingi 14 alikuwa analipa faida ya miaka 9 tu, na mgawo ukibaki vile, kila shilingi 100 zingemletea 8 na nusu kwa mwaka. Hapo njo mahali ambapo mnunuzi wa thamani anasimama, wakati wengine wote wanalia. Katikati ya 2025 hisa ilikuwa imepita shilingi 24.

Kampuni ni moja. Aliyeinunua kwa 45 na aliyeinunua kwa 14 hawakufanya kazi moja.

Majirani wengine walijifunza. Uganda ilipodai kampuni za simu ziuze asilimia 20 kwa raia, MTN Uganda ilitoa hisa zake mwaka 2021 kwa shilingi 200 za Uganda, na ziliuzwa karibu asilimia 13 tu ya kampuni. Airtel Uganda ilifuata 2023 kwa shilingi 100: karibu nusu ya hisa zilizotolewa zilibaki bila mnunuzi. Tanzania nayo, Vodacom ilitoa robo yake mwaka 2017 kwa shilingi 850. Wenyeji hawakutosha kuzimaliza, mpaka mlango ukafunguliwa kwa wageni, na miaka iliyofuata bei ilishuka chini ya ile 850. Hakuna aibu katika kukataa kununua kitu kwa bei isiyokufaa. Mama anayekataa samaki wa bei kali sokoni hajasema samaki ni mbaya.

Lakini kwa nini kwenda mpaka Nairobi? Kabambare inao mfano wake, na ni mkali kuliko hiyo yote. Mgodi wa Namoya, kule Salamabila, ulikuwa wa Banro, kampuni ya Canada iliyouza hisa zake Toronto na New York. Mwaka 2012 Banro ilikopa dola milioni 175 kwa riba ya asilimia 10 kwa mwaka, na Namoya ilikuwa sehemu kubwa ya sababu ya kuhitaji feza. Uzalishaji wa kibiashara ulitangazwa mwanzoni mwa 2016. Zahabu ilikuwako. Magari yalikuwako, wafanyakazi walikuwako. Mwezi wa 12 2017 kampuni ilikimbilia tribunali ya Canada kuomba kulindwa na wadai. Mwezi wa 5 2018 mpango ulipomalizika, wadai walichukua kampuni, na hisa za zamani zilifutwa bila malipo. Mwaka uliofuata, mwezi wa 9, kazi ilisimama Namoya juu ya usalama.

Anayefikiria hisa za intaneti anapaswa kukumbuka Namoya kwa sababu moja: deni. Wadai wanalipwa kwanza, mwenye hisa analipwa na kile kinachobaki, na kama hakibaki kitu, hapati kitu, hata kama zahabu bado iko chini ya udongo. Kampuni za simu na za minara zinaishi na deni kubwa, kwa sababu antene inajengwa leo na inarudisha feza polepole. Deni likiwa la dola na wateja wanalipa kwa franka, kwa naira ao kwa shilingi, kila mara feza ya inchi inapoanguka deni linanenepa bila mtu kukopa tena.

Sasa tugeuze hesabu hii upande wa wakaaji wenyewe, maana inajibu swali ambalo redio zinaulizwa kila siku: juu ya nini antene haifiki kwetu? Tuchukue mfano wa hesabu tu. Kijiji kina watu 800 wenye simu, na kila mmoja anatumia dola 2 kwa mwezi. Ni dola 1,600. Toa mazutu ya jenereta, ambayo inapanda na moto ama lori katika njia ya matope. Toa mlinzi, fundi, kodi ya mnara, malipo ya satelaiti, kodi za serikali na za mahali. Kinachobaki ni kidogo, na usiku mmoja wa wizi wa betri ao wa risasi unaweza kukimaliza. Mwenye hisa wa London anayesoma hesabu hiyo hatamsukuma mkubwa wa kampuni kujenga Kabambare. Atamwambia aongeze antene Lubumbashi. Si chuki, ni hesabu, na ndiyo sababu hesabu ya soko peke yake haitaleta rezo katika vijiji vya Kabambare. Sheria ya mawasiliano ya tarehe 25 mwezi wa 11 2020 inayo mfuko wa huduma kwa wote, FDSU, unaochangiwa na kampuni hizohizo ili kupeleka mawasiliano mahali ambapo faida haitoshi. Wachaguliwa wa Maniema wanaweza kuuliza feza ya mfuko huo inakwenda mnara gani. Swali hilo lina uzito kwa mkaaji kuliko bei ya hisa yoyote.

Hatari nyingine hazionekani katika karatasi za kampuni. Kisha uchaguzi wa tarehe 30 mwezi wa 12 2018, intaneti ilikatwa inchi nzima karibu majuma matatu. Tangu mwezi wa 9 2020, ile kodi ya RAM ilikatwa katika unite za watu, dola 1 kwa simu ndogo na dola 7 kwa simu za intaneti kwa mwaka, mpaka kelele za raia zikaifuta mwanzoni mwa 2022. Feza ile haikuwa faida ya kampuni, lakini hasira ya mteja iliangukia kampuni. Na sasa kuko mshindani asiyehitaji mnara wala mazutu ya kijijini: Starlink, iliyokatazwa na ARPTC mwezi wa 3 2024, ilipewa ruhusa mwezi wa 5 2025. Sahani moja juu ya duka, na jirani wote wananunua saa za wifi. Kwa mteja ni neema. Kwa mwenye hisa wa kampuni ya antene ni swali jipya: wale wateja wachache wenye kulipa vizuri, yaani mashirika, hospitali, wafanyabiashara wa zahabu, watabaki miaka mingapi?

Basi mtu wa AVEC mwenye dola 100 afanye nini? Tuseme anataka Safaricom. Anahitaji kufungua akaunti ya hisa kupitia wakala mwenye leseni Nairobi, kupeleka feza mpaka kule, kubadilisha dola kuwa shilingi, kulipa wakala wakati wa kununua na tena wakati wa kuuza. Mgawo wa dola 8 na nusu kwa mwaka, kwa bei ile ya 2023, unakatwa kodi kwanza. Kinachobaki, kukirudisha mpaka Kasongo kunakila tena. Feza hiyohiyo ikikaa ndani ya sanduku na kukopeshwa kwa wanamemba, hata kwa riba ndogo ya mwezi, inazaa zaidi, na mwenye kukopa anajulikana nyumba yake. Kwa dola 100, hesabu haikubali. Kwa mfanyabiashara mwenye elfu kadhaa, ao mwenye ndugu anayeishi Nairobi ao Dar es Salaam kihalali na anayeweza kungoja miaka, inaweza kukubali, kama bei ni ya faida ya miaka 9 na si ya 26.

Hatari iliyo karibu zaidi si Johannesburg wala London. Ni mtu anayekuja na karatasi yenye rangi nzuri, ao anayefungua grupu ya WhatsApp, na kusema anauza hisa za Vodacom Congo ao za Starlink, utume kwa M-Pesa, na kila mwezi utapata asilimia 20. Wazee wanaokumbuka mwaka 1991 wanajua jina Bindo: Kinshasa watu walipeleka mali yao yote kwa ahadi za namna hiyo, waliotangulia walilipwa na feza ya waliofuata, na mwishoni hakukuwa na kitu. Hisa ya kweli haiahidi faida ya kila mwezi. Mgawo unatangazwa kisha hesabu ya mwaka ao ya nusu mwaka, na kuko miaka ambapo hakuna mgawo.

Kwa hiyo kikundi kinachoombwa kutoa feza kianze na mambo machache. Jina la wakala lipatikane katika orodha ya mamlaka ya soko la inchi ile, nayo iko wazi kwa kila mtu. Akaunti iandikwe kwa jina la mwenye feza, si la mtu wa katikati. Hesabu ya mwaka ya kampuni isomwe kurasa mbili, ya faida na ya deni, na kama hakuna mwanamemba anayeweza kuzisoma, mwalimu wa hesabu ama mhasibu wa parokia atazisoma kwa saa moja. Tena swali la mwisho liulizwe mbele ya wote kabla ya kufuli kufunguliwa: hisa hizi zikishuka nusu mwezi wa 9, wakati wa kulipa shule, nani kati yetu atalazimika kuuza?